Pumzi ya Mpiga Mbizi

Mashine ilisema thelathini na tano. Kampuni inataka thelathini na nane. Nikavuliwa barakoa, nikapewa taulo, nikaambiwa nirudi baada ya wiki mbili. Nikishindwa mara ya pili, kadi yangu ya kupiga mbizi inachukuliwa na sipewi nyingine.

Nina miaka arobaini na saba. Nimekuwa nikikwangua meli tangu nikiwa na ishirini na mmoja. Meli ikikaa sana majini huota magamba na majani chini yake, ikawa nzito, ikala mafuta. Sisi ndio tunaoshuka kuyakwangua. Hewa inatufikia kwa mpira mrefu kutoka juu, ambako kuna kompresa inayoivuta na kuisukuma mpaka kwa mtu aliye chini. Mmoja anashuka, mwenzake anashika kamba. Anayenishikia mimi ni Dishon, mtu wa Busia, aliyekuja Likoni miaka kumi iliyopita na mpaka leo maji yakimpita magoti anaanza kusali.

Shule niliiacha darasa la sita. Silalamiki. Lakini mtu wa darasa la sita akinyang'anywa kazi anayoijua, hana nyingine ya kushika. Hilo ndilo nililotoka nalo kwenye ile kliniki.

Kliniki yenyewe iko Kisauni, upande wa kuelekea Mtopanga. Ni nyumba ya ghorofa moja ya watu wa Mombasa wa asili. Juu wanakaa wenyewe, chini ndiyo kliniki. Daktari ni Hamoud, na dada yake Ruwaida ndiye anayeendesha mashine. Mama yao, Bi Swafiya, ndiye mwenye nyumba, na ukikaa pale dakika tano utajua ndiye mwenye kila kitu.

Mashine si kubwa. Ni sanduku kama televisheni za zamani, juu yake kompyuta, na ubavuni unatoka mpira mwembamba unaokwenda mpaka kwenye barakoa. Mbele yake kuna baiskeli isiyokwenda popote. Unapanda, unafungwa barakoa puani na mdomoni, unabandikwa nyaya kifuani, unaambiwa ukanyage. Kila dakika pedali zinakuwa nzito zaidi. Mashine inanusa kila pumzi unayotoa na kuhesabu oksijeni kiasi gani mwili wako umeitumia. Ukifika mahali huwezi tena, hapo ndipo nambari yako ilipo. Nambari ndogo maana yake mambo yakiharibika chini ya meli, hutakuwa na nguvu ya kujitoa.

Sheria yenyewe naikubali. Nimewahi kumvuta juu mtu aliyeishiwa nguvu chini ya meli, na hakuwa hai. Sikutaka kusamehewa. Nilichotaka ni nambari.

Siku ile ya kwanza barakoa ilinukia udi. Nakumbuka nilifurahi, maana zetu za kazini zinanuka mate ya watu. Nikakanyaga mpaka nikaona nyota. Ruwaida akatazama kompyuta, akanivua barakoa.

"Pole, ami," akasema. Ni mwanamke wa miaka thelathini hivi, mpole, koti jeupe juu ya buibui. "Umejitahidi. Lakini ndivyo mashine yasema."

"Na mashine ikisema uongo?"

"Mashine haina sababu ya kusema uongo."

Msimamizi wetu, Bramwel, hakunifukuza. Aliniambia nishike kamba mpaka wiki mbili ziishe. Nikakaa juu ya boti kama mfuko wa saruji, nikimshikia kamba kijana anayeitwa Ziro, ambaye nilimfundisha mimi mwenyewe kubana pua. Dishon akaketi kando yangu.

"Buda, sasa mimi na wewe ni kazi moja," akasema. "Nikuonyeshe fundo?"

"Nyamaza."

"Hapana, kweli. Kuna na namna ya kukaa, mgongo usiume. Mimi nina ujuzi wa miaka kumi."

Nyumbani mke wangu, Mejumaa, hakuona msiba wowote. "Si wakuache huku juu tu? Kwani lazima ukafie chini?"

"Juu nitafanya nini?"

"Kile tufanyacho sote. Kuvuta hewa ya bure."

Nilicheka, lakini sikupenda. Kila asubuhi maji yakitoka nilikimbia mchangani Shelly Beach, kwenda na kurudi, Dishon nyuma yangu akiomba tupumzike. Na hapo ndipo nilipoanza kuchanganyikiwa. Pumzi yangu ilikuwa ileile. Sikukohoa, kifua hakikubana, miguu haikutetemeka. Nilijisikia kama nilivyojisikia mwaka jana na mwaka juzi. Sasa kama mwili wangu ulikuwa umekwisha bila kuniambia, ningeuamini vipi tena chini ya maji? Hilo lilinitisha kuliko kupoteza kadi.

Siku ya pili ya kupimwa miadi ilikuwa saa tatu. Mimi saa moja kasoro nilikuwa mlangoni, kwa sababu kukaa nyumbani kulinishinda. Dishon alikuja nami. Alisema lazima awepo mtu wa kunibeba nikizirai.

Bi Swafiya ndiye aliyefungua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mwaja kwa daktari? Bado hawajashuka. Ingieni, ketini. Kuna mahamri na mbaazi za nazi, moto moto."

"Nimekatazwa kula, mama. Nimekuja kupimwa."

"Na huyu mwenzio?"

"Huyu hapimwi," nikasema, na nilipogeuka Dishon alikuwa ameshavuta kiti.

Alipokwisha kumwandalia, Bi Swafiya akatoka jikoni na chetezo. Makaa yalikuwa yameiva, mekundu, akayatia vipande vya udi, moshi ukapanda. Akapita nacho mapokezini, akakizungusha chini ya viti, nyuma ya meza, kwenye pazia. Kisha akaingia nacho chumba cha mashine, akafunga madirisha mawili, akakiweka chini katikati ya chumba, akatoka na kuurudisha mlango.

"Moshi ushike," akatueleza, kama mtu anayefundisha mapishi. "Watu hutoka jasho humo mpaka chumba chanuka gunia. Mimi siwezi kumkaribisha mgeni kwenye nyumba yanuka gunia. Tangu wafungue kliniki, kila siku ya Mungu nafukiza. Wagonjwa wakiingia hapa wasema, aa, hapa pana watu."

"Wallahi, ni kweli," nikasema. Maana hata mimi nilikuwa nimesema hivyo.

Ruwaida akashuka. "Shikamoo, ami. Mbona mapema hivi? Waogopa?"

"Marahaba. Siogopi. Nataka kumaliza."

Akacheka, akaingia chumbani, akafunga mlango nyuma yake. Mlango una kioo. Nikamwona anawasha mashine, anachukua bomba kubwa la plastiki, kama sindano ya kumdungia ndovu, anaanza kulisukuma na kulivuta.

"Afanya nini?" nikauliza.

"Aifunza," akasema Bi Swafiya. "Kila asubuhi lazima aifunze. Hizi ndizo lita tatu, hii ndiyo hewa. Mashine ni kama mtoto, ikilala yasahau."

Nikatazama kile kioo. Moshi ulikuwa umetanda kama shela. Chetezo kilikuwa bado mle ndani, kando ya miguu ya Ruwaida. Udi ulikuwa karibu umekwisha, lakini makaa yalikuwa yanawaka vizuri.

Kazini kwetu kuna jambo moja ambalo hakuna anayekuruhusu ulisahau. Kabla ya kushuka unashika kichwa cha mpira na kukinusa. Unanusa mwenyewe, mwenzako hakunusii. Miaka mitano iliyopita Dishon aliweka kompresa nyuma ya dohani la boti, panapotokea moshi wa injini, ati pale ndipo palikuwa na kivuli. Mimi nilikuwa na haraka, sikunusa. Nikashuka. Baada ya robo saa nilipanda juu nikitapika, kichwa kinapasuka, kwa sababu ile kompresa haikuwa mbovu hata kidogo. Ilikuwa inavuta ilichopewa.

Nikainuka nikabisha mlango wa chumba cha mashine.

"Bado, ami!" Ruwaida akasema kutoka ndani.

"Fungua."

Akafungua, macho yamemwiva kwa moshi. "Kuna nini?"

"Mashine yenu inavuta moshi."

"Ami, hii mashine yatoka Ujerumani."

"Kompresa yetu pia inatoka Ujerumani. Ukiiweka kwenye moshi, inakuletea moshi."

Bi Swafiya alikuwa ameshafika nyuma yangu. "Moshi gani? Huu ni udi! Udi wa watu, si wa dukani wa kupaka rangi. Wasema nyumba yangu yatoa moshi?"

"Mama, sisemi udi. Nasema makaa."

"Makaa bila udi ni jiko, mwanangu. Mimi nimeweka jiko humu?"

"Umeweka, mama."

Dishon, kinywa kimejaa, akaniita kwa sauti ya chini. "Buda. Taratibu. Nimepewa mahamri hapa."

Ruwaida hakukasirika, lakini alinijibu kama mtu aliyesoma anavyomjibu ambaye hakusoma, polepole, neno kwa neno. "Sikiza, ami. Nimekuelewa. Wadhani siku ile ulivuta moshi ndiyo maana ukachoka. Lakini ulipoingia humu madirisha yalikuwa wazi. Chetezo kilikuwa kimeshatolewa. Mimi hufungua kila kitu kabla mgonjwa hajaingia. Hukuvuta moshi wowote."

Hapo nikakwama. Alikuwa anasema kweli. Siku ile madirisha yalikuwa wazi, upepo ulikuwa unaingia, nilisikia mpaka wauza maji wa barabarani. Nilisimama pale kama mtu aliyefika sokoni na kusahau alichotumwa.

"Basi nani aliuvuta?" nikasema. Sikuwa namuuliza mtu.

"Hakuna. Isipokuwa mimi na ..."

Akageuza kichwa akaitazama mashine. Kwenye kompyuta kulikuwa na mstari wa kijani unaotembea, na nambari.

"Isipokuwa wewe na nini?" nikauliza.

"Ngoja," akasema. "Ngoja kwanza. Hebu ngoja."

Akaketi. Akaanza kuzungumza, nusu na mimi, nusu na nafsi yake. Zamani, akasema, mashine ilikuwa inafunzwa hewa kwa chupa ya gesi maalumu iliyopimwa kiwandani. Chupa ilikwisha mwezi uliopita, nyingine inangojewa kutoka ng'ambo. Kwa hivyo siku hizi anaifunza kwa hewa ya chumba peke yake. Hewa ni hewa, kila mahali duniani oksijeni yake ni ile ile, karibu ishirini na moja katika mia. Anabonyeza kitufe, mashine inanusa chumba, anaiambia: hii unayoinusa sasa ndiyo ishirini na moja.

"Na makaa yanakula oksijeni," nikasema.

"Makaa yanakula oksijeni," akasema. "Chumba kimefungwa, makaa yawaka nusu saa, na mimi naiambia mashine hii ndiyo hewa kamili. Kisha nafungua madirisha, yaingia hewa kamili yenyewe. Mashine yaiona imezidi, na pumzi utoayo nayo yaiona imebaki na oksijeni nyingi, kana kwamba umetumia kidogo."

"Kama mizani," nikasema. "Uisawazishe jiwe likiwa sahanini, kisha utoe jiwe. Kila kilo itakuwa pungufu."

Akanitazama. "Sawasawa hivyo, ami."

"Lakini makaa ya chetezo kimoja yatakula oksijeni gani? Kidogo tu."

"Kidogo. Lakini sikiza. Wavuta hewa ina karibu ishirini na moja. Waitoa ina kumi na saba. Tofauti yake ndiyo uliyoitumia, na ni nne tu. Mimi nikikosea hata sifuri nukta nne, nimekosea kwenye hizo nne. Nimekupunguzia karibu moja ya kumi."

Hesabu ya moja ya kumi niliijua hata darasa la sita.

"Huna hakika," Bi Swafiya akasema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Ruwaida, huna hakika."

"Sina, mama. Nitajua sasa hivi."

Akamaliza kuifunza mashine mle mle katika moshi, kama alivyofanya kila siku. Kisha akabeba chetezo nje yeye mwenyewe, akafungua madirisha, akawasha feni, akafungua mlango wa nyuma pia. Tukangoja dakika arobaini. Dishon akauliza kama mbaazi zimebaki, na Bi Swafiya akamjibu kwa kichwa tu.

Moshi ulipokwisha kabisa, mpaka harufu ikawa imebaki kwenye mapazia tu, Ruwaida akauchukua ule mpira mwembamba akautoa nje ya dirisha. Akabonyeza. Tukainama wote kwenye kompyuta. Mimi sikujua natazama nini. Nilimtazama yeye.

"Ishirini na moja nukta tatu," akasema. Akabonyeza tena. "Ishirini na moja nukta tatu." Akajiegemeza kwenye kiti. "Hakuna hewa hiyo, ami. Hapa Kisauni hakuna, wala kokote. Ni uongo niliofundisha mimi."

Bi Swafiya akakaa kwenye baiskeli, kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu. Akashika usukani kwa mikono miwili kama mtoto. "Kwa hivyo mimi," akasema, "mimi nimewatoa watu kazini kwa udi wangu?"

Ruwaida akafungua kinywa kumfariji. Mimi nikamtangulia, si kwa ubaya, ndivyo nilivyo. "Ndiyo, mama. Lakini hukujua. Na mimi siku ya kwanza nilinusa udi kwenye barakoa nikaupenda. Kazi yangu ni kunusa, na sikuuliza. Basi tumekosa wote."

Bi Swafiya akaniangalia. "Wewe huna maneno ya kupaka asali, sivyo?"

"Sina, mama."

"Mimi kilichonikera si wewe. Kilichonikera ni kwamba wewe ndiye msema kweli."

Dakta Hamoud akashuka wakati huo, funguo mkononi, akatukuta tumekaa kama matangani. Ruwaida akamweleza yote kwa maneno machache, bila kumtaja mama. Alisema, "Nimekosea kuifunza." Mama akasema, "Na mimi nimewasha makaa." Daktari akasikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaifuta, akairudisha. Aliuliza jambo moja tu. "Tangu chupa iishe, wangapi wameanguka?"

"Kumi na mmoja," akasema Ruwaida. "Na ami huyu ni mmoja wao."

Ruwaida akaifunza mashine upya, madirisha wazi, feni inazunguka. Akaniambia nivue shati.

Na hapo ndipo nilipoogopa. Sisemi uongo. Mpaka dakika ile nilikuwa na pa kujificha. Mara ya kwanza nilidhani mashine ni mbovu, halafu nikaona ni makaa. Sasa mashine ilikuwa imesema kweli ya hewa, na kilichobaki ni mimi. Labda ningepata thelathini na tano ileile. Labda makaa yaliniibia moja tu, na mbili zilizobaki nilikuwa nimezeeka. Nikapanda ile baiskeli hivyo hivyo.

Akanifunga barakoa. Ilinuka plastiki tu. Nikaanza.

Dakika za kwanza si kitu, ni kama kupita njia ya nyumbani. Dakika ya sita jasho likaanza kunitiririka mgongoni. Dakika ya nane Dishon alikuwa ameingiza kichwa dirishani kutoka nje, viwiko juu ya kizingiti.

"Buda, papa yuko nyuma yako!"

"Wewe, mwondokee hapo!" Bi Swafiya akamkemea, kisha yeye mwenyewe akaanza. "Kanyaga, mwanangu! Kanyaga! Usiitazame saa!"

"Mama, tafadhali," akasema daktari, macho yake kwenye mistari ya moyo wangu.

"Sijamgusa!"

Dakika ya kumi. Pedali zikawa kama zimetiwa tope. Hewa ilikuwa inaingia lakini haitoshi, na barakoa ikawa kama mkono wa mtu usoni. Chini ya maji unafundishwa usiipiganie pumzi, uitoe yote kwanza ndipo uvute. Nikaitoa yote. Nikavuta. Nikaitoa yote. Nilimfikiria Ziro upande wa pili wa kamba yangu, mtu mzuri, mwangalifu, na nikafikiri kwamba sitaki kumshikia kamba mpaka nife. Si fikra nzuri, lakini ndiyo iliyokuja.

"Unaweza moja zaidi?" akauliza Ruwaida.

Nikainua kidole gumba.

Dakika ya kumi na moja na nusu miguu ikakataa. Haikuuma. Ilisimama tu, kama punda wa barabarani. Ruwaida akapunguza uzito, akaniambia niendelee kuizungusha polepole nisianguke, akanifungua barakoa. Nikavuta hewa ya Kisauni kwa kinywa chote. Mate yalikuwa yananing'inia kwenye ndevu na sikujali.

Mashine inachukua dakika kama mbili kufanya hesabu yake. Hizo dakika mbili sitazieleza. Dishon alikuwa ameacha kutafuna.

"Thelathini na tisa," Ruwaida akasema.

"Sema tena."

"Thelathini na tisa, ami. Thelathini na nane ndiyo wanayotaka. Umevuka kwa moja."

Dishon akaruka huko nje, nikasikia ndoo ya mtu inaanguka. Bi Swafiya akasema alhamdulillahi mara tatu, akanirushia taulo, nalo likaniangukia kichwani. Mimi nilibaki nimekaa juu ya ile baiskeli. Nilitaka kusema kitu cha maana, nikasema, "Moja inatosha."

"Yatosha kwa mwaka huu," akasema Dakta Hamoud, akitia sahihi kadi yangu. "Mwakani utarudi. Uendelee kukimbia."

"Nitarudi. Na nitakuja mapema ninuse."

Akacheka. Ruwaida hakucheka. Alikuwa ameshachukua daftari la majina na simu ya kliniki. Kaka yake akamwambia anaweza kungoja mchana, akasema hapana, hatangoja hata kidogo. Akapiga nambari ya kwanza. Nilimsikia akisema, "Ni Ruwaida, wa kliniki ya Kisauni, kule ulikopimwa pumzi. Nambari tuliyokupa haikuwa sahihi. Kosa ni letu. Twakuomba urudi ..." Kisha akaiangalia simu. "Amekata. Asema sisi ni matapeli."

"Ni nani?"

"Mwanamke mmoja, aitwa Lynnette. Wa zimamoto. Alipata thelathini na sita. Nilipomwambia hakulia wala hakugombana, alikunja taulo lake akaondoka."

"Mpigie tena. Unipe mimi."

"Utamwambia nini?"

"Sijui. Nipe tu."

Akapiga, akanipa. Simu ikalia sana. Halafu sauti ya mwanamke, kavu, ikasema, "Nimewaambia sina pesa."

"Sitaki pesa yako," nikasema. Bado nilikuwa nahema, maneno yalitoka vipande vipande. "Sikiliza. Mimi naitwa Tinga. Ni mpiga mbizi, Likoni. Nilianguka kwenye mashine ile ile yako. Thelathini na tano. Walikuwa wameifunza vibaya. Leo wameifunza vizuri, nimepata thelathini na tisa. Nimeshuka kwenye baiskeli sasa hivi, unanisikia ninavyohema?"

Hakukata.

"Sikwambii utafaulu. Sijui utapata ngapi. Labda umechoka kweli. Lakini hiyo waliyokupa si yako."

Huko kwake nilisikia mtoto akilia mbali na redio ikicheza. Ruwaida alikuwa amesimama mbele yangu, kalamu mkononi.

"Saa ngapi?" Lynnette akauliza.